Mimi na Feza Tulivyochagua Programu ya Kusoma Rileve

Wenzangu wa biro, ofisi yetu ya Kasongo, siku mliponiaga kwa soda na keki, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu. Aliuliza kwa nini ile kompyuta ya rileve za benki haiunganishwi na intaneti, na kwa nini kila mwanzo wa mwezi mnahangaishwa na programu nzito wakati kuna tovuti za bure zinazomaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Nilisema ni mambo ya zamani, nikaomba soda nyingine. Sasa niko nyumbani. Watoto wako Lubumbashi na Goma, baba yao alishatangulia mbele ya haki, na mchana wa mtu aliyestaafu ni mrefu kuliko nilivyotishwa. Nitajibu. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Mshahara wenyewe haukuwahi kuwa mkubwa kiasi cha kuhitaji aya yake.

Niliingia kazini nikiwa na diploma ya biashara na viatu vya dada yangu. Shirika letu lilikuwa dogo, na kazi yake ilikuwa ile ile mnayoifanya leo: kupeleka dawa kwenye vituo vya afya vya vijijini na kuwapa wauguzi wake primu, yaani kile kidogo cha juu ya mshahara ambao mara nyingi haufiki. Mhasibu alikuwa Papa Gaspard, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilitegemea siku ya kwanza atanikalisha mbele ya mashine ya kujumlishia. Alinikalisha mbele ya kitabu cha hesabu, akanipa biki nyekundu.

“Mi ninasoma, wewe unatia alama,” alisema. “Ukisikia kitu haiko mu kitabu, unasema simama. Usiogope kusema simama, hata kama mi ni mukubwa.”

Alichokuwa anasoma ni rileve, karatasi ambayo benki hutuonyesha kila kilichoingia na kila kilichotoka kwenye akaunti yetu. Siku hizo ilichapwa Kindu na kuletwa na motari, dereva wa pikipiki, ndani ya mfuko wa nailoni. Wakati mwingine ilifika na matope ya njia nzima. Kazi ya kuilinganisha na kitabu chetu tuliiita pwentaji, na pwentaji ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anatia alama. Papa Gaspard hakukubali ifanywe na mtu mmoja. Alisema jicho likiwa peke yake linaona kile linachotaka kuona.

Alikuwa Mkristo wa huku kwetu, msomaji wa masomo kanisani siku ya Jumapili, na rileve aliisoma vivyo hivyo, kwa kituo na heshima, hata pale ilipohusu mafuta ya jenereta. Mimi nimekulia mtaa wa Waislamu mjini, nimeamshwa tangu utoto na sauti ya babu akisoma. Kwa hiyo hatukuchukua muda kuelewana. Nilijifunza kwake kuanza na baki la mwanzo wa mwezi kabla ya kugusa kitu kingine, kutotia alama mstari nisiousikia, na kuacha kazi pale ninapoanza kusikia namba kama mvua ya juu ya bati.

Alipata kiharusi akiwa bado kazini. Kilichoondoka kwanza ni sauti. Nilikuwa nakwenda kumwamkia kwake, nakaa pembeni ya kitanda, yeye ananitazama, mimi namsimulia habari za biro. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo. Tulimzika msimu wa mvua, na wiki ile ile shirika likanituma Kabambare.

Kabambare ile mnaijua kwa jina tu, kwa sababu sasa kila kitu kinafanyika Kasongo. Biro yetu ilikuwa nyumba ya matofali yenye bati, paneli za jua juu yake, chumba kimoja cha hesabu, kimoja cha kulala, na nyuma yake depo ya dawa. Ukitoka Kasongo unafika umekalia pikipiki mpaka miguu haijui tena ni ya nani. Nilifika nimepakwa matope mekundu, nikakuta mwanamke mrefu amesimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, fagio mkononi.

“Ni wewe kontable?” aliuliza.

“Ni mimi.”

“Karibu, yaya. Maji iko tayari. Oga kwanza, tutasalimiana ukiwa mutu.”

Huyo ndiye Feza, mtunza depo. Alikuwa wa upande wa Wamaza, mdogo kwangu kwa umri, ndiyo maana aliniita yaya, dada mkubwa, lakini mkubwa kwangu kwa sauti. Hapo biro tulikuwa sisi wawili na mlinzi. Ilipofika rileve ya kwanza nilimwuliza kama anaweza kunisomea, akavuta kiti akaketi kama aliyekuwa anangojea kuulizwa. Alizitaja namba kwa Kifaransa cha shule yetu, septante kwa sabini, nonante kwa tisini, na kila alipofika kwenye jina la muuguzi alilisema na maelezo yake: huyu mke wake amejifungua, huyu anadai baiskeli yake iliibwa lakini aliiuza, huyu ni mutu muzuri. Nilimwambia benki haijaandika hayo. Akajibu kwamba benki haijui kitu.

Ndivyo nilivyowajua wauguzi wote wa vituo vyetu, wa Wamaza, wa Lusangi, na wa njia zote za katikati, bila kuwaona. Mimi sikuwa mtu wa kwenda vijijini. Mhasibu hukaa na karatasi. Nilijua majina yao matatu matatu, namba zao za simu, mwezi ambao mtu fulani hakulipwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Na wao hawakujua kama niko.

Sikukuu ya Idi ya kwanza nikiwa kule, nilikaa chumbani nimevaa nguo mpya na sina pa kwenda, watu wangu wote wako Kasongo. Msikiti wa pale ulinipokea, lakini baada ya swala kila mtu huenda kwao. Feza alikuja na sahani ya wali na ndakala, dagaa wa kwetu, akaiweka mbele yangu, akasema hajui sala zetu lakini kula anajua. Tangu hapo tulikula pamoja.

Kisha mambo mawili yakatokea, moja likifuata jingine, na ndipo ninapofika kwenye swali lenu.

La kwanza ni la Emmanuel, mdogo wake Feza, muuguzi wa kituo kimoja cha ndani huko Wamaza. Primu zilikuwa zimeanza kutumwa kwa simu, na tulifurahi wote kwamba hakuna tena mtu wa kubeba fedha porini. Siku moja alasiri, watu wenye silaha walifika kituoni, wakamwita. Hawakumwita Emmanuel, wala daktari, kama wanakijiji wanavyomwita. Walimwita kwa majina yake yote matatu, yale ya kwenye karatasi, na wakamwambia ni kiasi gani kimeingia kwenye simu yake. Walimpiga, wakamlazimisha kukitoa, wakaondoka na simu. Alitembea kwa mguu mpaka barabara kubwa, akaenda Kalemie, na hakurudi tena kwenye kazi ile. Kijiji kile kilibaki bila muuguzi muda mrefu.

Sisemi majina yalitoka benki, wala kwetu, wala kwa kampuni ya simu. Hakuna aliyejua, na kutokujua huko kulitutia homa kuliko tukio lenyewe. Feza aliendelea kunisomea rileve, lakini maelezo yake ya kando yalikwisha. Alikuwa anataja jina, anataja namba, anapita.

La pili ni benki kuacha karatasi. Walituandikia kwamba tangu sasa rileve itakuja kwa barua pepe, katika PDF. Nyinyi mmezaliwa na PDF, hamwezi kujua ilitutesa vipi. Ni picha ya hesabu. Unaiona, huwezi kuijumlisha. Na Bukavu, kwenye makao yetu makuu, wafadhili walikuwa wanataka Excel, kila mstari kwenye kisanduku chake, na waliitaka siku za kwanza za mwezi. Kichapishi chetu kilikuwa kimekufa kwa vumbi. Basi Feza alisoma kwenye skrini, mimi nikaandika kwenye Excel, mstari kwa mstari, mpaka betri za jua zinaishiwa, kesho yake tunaendelea. Kurasa zilikuwa nyingi kwa sababu kila primu ni mstari wake. Tulichelewa mara moja, tukachelewa tena. Mara ya pili wafadhili walizuia oda ya dawa ya malaria mpaka ripoti ifike, na hiyo ilikuwa miezi ya mvua.

Mkurugenzi alinipigia simu. Hakugomba, alikuwa mtu wa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi.

“Mama Zuhura, hatuwezi kuendelea vile. Tafuta programu ya kugeuza hizi PDF. Wewe ndiye utakayeitumia, chagua wewe, mimi nitasaini.”

Kabla sijajua hata nianze wapi, Justin wa finansi kule Bukavu alishanitumia anwani ya tovuti. Justin alikuwa hodari na mwenye haraka, na alinipenda kwa namna yake.

“Mama, unatupa PDF mule, inarudi Excel. Ni bure. Utakuwa unamaliza kazi mbele ya sambusa kufika.”

“Na ile PDF inabaki wapi?”

“Kwa serveri yao.”

“Serveri iko wapi?”

“Mama, mi najua? Ulaya, Amerika. Wanasema wanafuta kila kitu nyuma ya saa moja.”

“Nani anawaona wakifuta?”

Alicheka. “Basi uondoe majina mbele ya kutuma.”

Nikamweleza kwamba PDF ya benki haikubali kufutwa kitu, na hata ingekubali, wafadhili wanataka majina hayo hayo. Akasema atanitafutia kitu kingine. Baada ya wiki, motari alileta flashi yenye programu ya kujaribia, ya kuweka ndani ya kompyuta, isiyohitaji intaneti. Ilikuwa ya kulipia kila mwaka.

Hapa nataka mshike jinsi nilivyojaribu, kwa sababu mtakuja kujaribu nyingine. Sikujaribu kwa rileve ya kweli. Nilitengeneza ya uongo, kwa umbo lile lile la benki, na Feza akaniletea majina. Tukamlipa primu Bwana Sufuria Kubwa wa Lusangi, tukamlipa Madame Mwiko wa Bukari, ule wa kusongea ugali, tukamkata Bwana Panya Mnene kwa utoro. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mambo ya Emmanuel nimsikie akicheka mpaka kushika ukuta.

Tovuti ya bure niliitumia kwanza, kwa rileve hiyo ya masufuria. Niliomba ikosee. Nisiwafiche, niliomba kwa moyo wote itoe takataka, ili nimwandikie Justin kwamba haifai na mambo yaishe. Haikukosea. Kila mstari ulikaa mahali pake, tarehe sawa, koma sawa, baki la mwisho sawasawa na la kwetu. Ilikuwa nzuri kama maandishi ya mtawa.

Ile ya flashi ilikuwa na matatizo mnayoyajua. Jina likiwa refu na kukatika kwenda mstari wa chini, inaligawa watu wawili, kwa hiyo Madame Mwiko alilipwa na Bukari akabaki bila kitu. Tarehe tatu ya mwezi wa nne iliigeuza tarehe nne ya mwezi wa tatu. Alama ya kutoa iliidondosha njiani, na fedha iliyotoka ikaonekana imeingia, jambo ambalo lingemfurahisha mkurugenzi kwa nusu saa. Nilimpigia Justin, na yeye, nampa haki yake, alikaa kwenye simu mpaka tukapata namna: safu moja ya pembeni inayochukua baki la juu, inaongeza kilichoingia, inatoa kilichotoka, na kulinganisha na baki la benki kwenye kila mstari. Isipolingana, kisanduku kinakuwa chekundu. Ile safu nyekundu mnayoilalamikia ni ya Justin, si yangu. Bila safu ile, programu ile ni hatari. Ukiwa nayo, ni polepole tu.

Nikampigia mkurugenzi nikamwambia ile ya bure ni bora kwa kazi, ile ya kulipia ni bora kwa watu. Alinielewa, maana habari za Emmanuel alizijua. Lakini alikuwa na lake la kuniambia.

“Niko na mustari moja tu wa bajeti ya Kabambare wenye unaweza kulipa ile kitu,” alisema. “Ni ule wa mushahara ya mutunza depo. Ukichukua ya bure, Mama Feza anabaki. Ukichukua ya kulipa, kontra yake ikiisha hatuna namna. Depo tutaipeleka Kasongo.”

“Hakuna mahali pengine?”

“Nimetafuta, mama. Nimetafuta mbele ya kukuambia.”

Niliandika barua hata hivyo, nikaomba abaki kwa nusu ya siku, nikaomba wapunguze mafuta ya jenereta, nikaomba wachukue kwenye fedha zangu za safari. Jibu lilikuwa la adabu na lilikuwa lile lile. Nikakaa siku kadhaa bila kumwambia Feza. Tulikula pamoja, nikawa natazama sahani.

Asubuhi moja nilimkuta depo anapanga maboksi ya seramu, yale maji ya dripu. Hakugeuka.

“Yaya, ile ya kulipa. Chukua ile.”

“Nani amekuambia?”

“Mukurugenzi ameniuliza inventere ya vitu vya kupeleka Kasongo. Mi ndiye mutunza depo, nisijue depo inahama?”

Nilisema bado sijaamua. Nilisema ile ya bure ni nzuri, wazungu wana sheria zao, pengine kweli wanafuta. Nilisema mambo mengi. Aliweka boksi chini, akanigeukia.

“Sikia. Ukichukua ya bure, mi ninabaki. Kila mwezi nitakaa hapo nakuangalia unatupa majina ya wale watu kwa mahali hatujue. Mutu akipigwa Lusangi, tutaulizana sisi wawili: ni sisi ama si sisi? Nitakula na wewe namna gani?”

“Na kazi, Feza? Utaishi je?”

“Emmanuel anaishi je?”

Alirudi kwenye maboksi, nami nikarudi chumbani nikamwandikia mkurugenzi kwamba nimechagua programu ya kulipia. Barua ilikuwa ya mistari miwili. Feza aliisoma kabla sijaituma, akasahihisha neno moja la Kifaransa.

Alikaa mpaka kontra, yaani mkataba wake, ilipokwisha. Siku ya kuondoka pikipiki ilikuja mapema, na yeye alikuwa ameshafunga godoro lake kwa kamba za mpira, hataki kusaidiwa. Alikuwa anakwenda Kalemie kwa mdogo wake. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno, nikakuta yeye ana maagizo.

“Panya wa depo wamezoea sauti yangu,” alisema. “Ukinyamaza wataingia kwako kula karatasi. Usinyamaze.”

Akapanda, akamgonga motari begani, wakaondoka. Nilisimama barabarani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimesahau kuwapa kitu.

Programu ilifanya kazi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli. Kazi iliyokuwa inatuchukua siku nyingi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana, ripoti zikafika kwa wakati, dawa za malaria hazikuzuiwa tena. Ambacho sikukifikiria ni zile siku zilizobaki. Mwezi ulikuwa mtupu. Nilifagia biro ambayo ilikuwa imefagiwa. Nilipanga upya makabrasha kwa rangi, kisha kwa mwaka, kisha nikayarudisha yalivyokuwa. Programu inameza PDF, inatema jedwali, na hakuna aliyesema kitu chumbani tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mwezi mmoja nilianza kusoma mistari kwa sauti, mwenyewe, huku natia alama kwenye skrini kwa kidole. Mlinzi akaja mlangoni amevua kofia.

“Mama, uko na wageni?”

“Hapana.”

“Nimesikia unasema na mutu.”

“Nafukuza panya,” nikamwambia.

Akaondoka akiangalia pembe za chumba. Sikuendelea. Mtu mmoja hawezi kujisomea rileve. Unajisikia ukifika kwenye jina, unangoja uambiwe huyu ni mutu wa namna gani, na hakuna anayekuambia.

Feza alinipigia mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache. Alianza kuuza ndakala. Emmanuel alipata kazi kwenye duka la dawa, wanamwita kwa jina moja tu, na mwenyewe ameridhika liwe moja. Siku moja, katikati ya habari za bei ya chumvi, aliniuliza:

“Yaya, ile mashine inasoma muzuri?”

“Inasoma.”

“Inasema nonante, ama inasema quatre-vingt-dix kama Wafaransa?”

“Haisemi kitu, Feza.”

Nilimsikia anavuta pumzi aseme neno, na mtandao ukakatika. Nilijaribu kurudisha simu, haikupita. Tulipozungumza tena, baada ya muda mrefu, mambo yalikuwa mengine, na hatukurudi pale.

Nilibaki Kabambare mpaka biro ile ilipofungwa na mimi kuletwa Kasongo, nikawakuta nanyi ni wageni kazini. Kompyuta nilikuja nayo nimeipakata; tangu programu ile iwekwe sikuiunganisha tena na intaneti, rileve niliiingiza kwa flashi, ili majina yasipate njia ya kutoka. Sasa mmelijua jibu, na mnaweza kubadilisha mkitaka. Programu huzeeka kama sisi. Mkichagua nyingine, ijaribuni kwa majina ya sufuria kwanza. Angalieni baki la mstari kwa mstari, si la mwisho peke yake, maana makosa mawili yanaweza kufutana na jumla ikatoka safi. Benki ikibadilisha umbo la rileve hata kidogo, anzeni majaribio upya. Ulizeni faili linalala wapi, na mkijibiwa kwamba linafutwa, ulizeni tena. Na kama biro ina watu wawili, hata kama mashine inatosha, mmoja amsomee mwenzake ukurasa mmoja. Hili la mwisho haliko kwenye sheria za uhasibu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kibanda cha kutuma fedha kwa simu, hapa karibu na soko. Mbele yangu alikuwa mwanamume wa makamo, shati limefifia, begi la kituo cha afya begani. Mama wa kibanda alimwuliza majina, akayataja: Ngongo Mukonkole Deogratias. Niliyajua kabla hajamaliza kuyataja. Ni yule wa Lusangi ambaye programu ilimgawa watu wawili kila mwezi, miaka yote ile, na kila mwezi nilimrudisha kuwa mtu mmoja. Nilijua mwaka aliohamishwa. Nilijua miezi aliyokuwa mgonjwa. Feza aliniambia zamani kwamba anapenda kuimba akishona vidonda, na sasa nilimwona kwa macho, ana mvi, ana kovu dogo kidevuni ambalo hakuna aliyenisomea.

“Habari ya Lusangi?” nikamwambia. Ilinitoka.

Aligeuka haraka. Mkono wake ulifunika simu, ukaisukuma ndani ya shati. Alinitazama usoni, kisha nyuma yangu, kuona kama niko peke yangu.

“Mama, unanijua?”

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka tuketi mahali nimwulize kama kweli anaimba.

“Hapana, baba,” nikasema. “Nilizani ni mutu mwingine. Unisamehe.”

Mabega yake yakashuka. “Haina shida, mama. Watu wanafanana.” Akanipa njia kwa heshima, akatoka, na nikamwona anakata kona ya soko bila kugeuka nyuma.

Mama wa kibanda alikuwa ananingoja, kalamu mkononi. “Na wewe, mama, jina?”

Nikamtajia kwa sauti ya chini. Hakulisikia vizuri, akaniomba nirudie.